Moto Uliotoka Ukinga

Wazee wa Unyakyusa, katika nchi ile ya migomba na mvua nyingi iliyo baina ya mlima Rungwe na ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, walikuwa na jawabu lao kwa suala lililowahangaisha wanafalsafa wa mataifa mengi, yaani ilikuwaje wanadamu, ambao wote huzaliwa uchi na wote hufa, wakagawanyika kuwa watawala na raia, wenye mali na mafukara. Walisimulia kwamba wenyeji wa asili walikuwa wakila vyakula vibichi, hawaujui moto, hata wakashuka watu kutoka milima ya Ukinga, upande wa mashariki, wakileta moto, na ng'ombe, na chuma; na wenyeji walipokwisha kuonja chakula kilichopikwa, wakawaridhia wageni wale wawe machifu wao. Masimulizi hayo waliyakusanya Godfrey Wilson na mkewe Monica, wanazuoni wa mila na desturi, waliofanya utafiti wao Rungwe baina ya mwaka 1934 na 1938.

Atakayeyasoma kando ya risala ya Jean-Jacques Rousseau juu ya asili ya kutolingana kwa wanadamu, iliyotoka mwaka 1755 kujibu swali la akademia ya mji wa Dijon, hatakosa kustaajabu, kwa kuwa yule mtu wa Geneva naye alivitaja chuma na nafaka kuwa ndivyo vilivyomstaarabisha mwanadamu na ndivyo vilivyomwangamiza. Wazee wanashukuru, Rousseau anaomboleza, na sababu ni karibu zilezile. Lakini shukrani hiyo tusiipokee kwa wepesi. Moto ulijulikana Afrika Mashariki zama nyingi mno kabla ya chifu yeyote kushuka Ukinga, na kwa rai yangu hadithi ile ni hati ya kumiliki, iliyotungwa ili utawala uonekane kuwa fadhila.

Hata hivyo fadhila ni deni, na raia walijua kulidai. Mtoto wa kiume alipofika umri wa miaka 10 au 11 aliondoka nyumbani kwa babake, akaenda kujenga kibanda pamoja na wenzake wa rika lake kando ya kijiji, wakawa hulala huko, na wakati wa kula huandamana kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kijiji hicho cha vijana kilikua nao mpaka wakaoa humo na kuzeeka humo. Ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa furaha na mazungumzo, ulihesabiwa kuwa ndio utu wenyewe. Na mtu aliyechinja ng'ombe akala peke yake, au aliyewanyima jirani pombe, alihofiwa kupatwa na pumzi za watu, ubaridi wa manung'uniko yao ambao ulisadikiwa kumwuguza hata chifu.

Tena kila kizazi, takriban miaka 30, ilifanywa ubusoka, sherehe ya kuwatoa wana wa chifu: nchi ikagawanywa kwa wana wawili wakubwa, ardhi ikapangwa upya, na wakuu wa vijiji wakateuliwa katika raia, si katika nyumba ya chifu. Na huko Lubaga, penye kichaka kitakatifu cha Lwembe, cheo cha mtawala mtakatifu, mshika cheo hicho alipougua sana, wazee wa baraza walimziba pumzi, kwa itikadi kwamba udhaifu wa mwili wake ungeidhoofisha nchi. Si ajabu kwamba waliochaguliwa kukishika cheo hicho waliogopa.

Ila usawa ule ulikuwa wa wanaume wa rika moja. Ng'ombe walikuwa mikononi mwa baba, na bila ng'ombe hapana mahari. Kwa hiyo kijana alilima mashamba ya babake miaka mingi, akioa amekwisha kukomaa, ilhali wazee walikuwa na wake kadha wa kadha, na binti aliolewa angali mdogo bila kuulizwa. Mimi naona kwamba mizizi ya tofauti ilikuwa humo zizini, wala si katika kile kijinga cha moto; ng'ombe hadithi inawataja, lakini kuhusu zizi la baba haisemi neno, kwani hapana mshindi aliyehitaji kulitetea.

Kilichoivunja mila hii ni mbuni. Baina ya vita vikuu viwili kahawa ilienea Rungwe, na vijana wakaenda kutafuta mshahara katika machimbo ya dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya, kwa hiyo fedha ya mahari haikutoka tena kwa baba peke yake. Mgomba na shamba la ulezi mtu aliweza kumwachia mwenziwe akahama; lakini aliyepanda mibuni, inayozaa miaka mingi, na akajenga nyumba ya matofali, hakukubali kuhama ili kizazi kipya kipewe nafasi, bali alitaka wanawe wenyewe wairithi. Serikali ilipofuta vyeo vya machifu mwaka 1963, mashamba yale yalikuwa na wenyewe.