Taa ya kupigia mbizi: Si kila ing'aayo yafaa baharini

MPIGA mbizi anayeingia majini usiku, au anayepenya ndani ya mabaki ya meli, hutegemea vitu viwili: hewa iliyo mgongoni na mwanga ulio mkononi. Hewa hukaguliwa kwa makini kabla ya safari. Taa aghalabu hununuliwa kwa kusoma tarakimu kubwa iliyoandikwa kwenye boksi, na hapo ndipo makosa mengi huanzia.

Tarakimu hiyo huwa ya lumeni, yaani kipimo cha jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa. Haielezi mwanga huo unaelekezwa wapi. Taa mbili zenye lumeni 1,000 kila moja zaweza kutofautiana pakubwa: moja hukusanya mwanga katika mwale mwembamba unaofika mbali, nyingine huutawanya katika eneo pana lililo karibu. Kwa hivyo mnunuzi hana budi kujiuliza kwanza atapiga mbizi katika maji ya aina gani, na kwa kazi gani.

Maji huamua mwale

Maji humeza rangi, na nyekundu ndiyo hutangulia kutoweka. Katika kina cha mita 10 huwa imefifia mno, hivi kwamba matumbawe huonekana ya samawati au kijivu hata adhuhuri. Taa ikimulikwa kwa karibu huzirejesha rangi hizo. Kwa kazi hii ya mchana, tochi ndogo yatosha.

Usiku, katika maji maangavu kama ya Hifadhi ya Bahari ya Watamu wakati wa kaskazi, mwale wa upana wa wastani ndio unaofaa. Lumeni kati ya 700 na 1,000 huwatosha wengi. Mwanga mkali kupita kiasi huwatorosha samaki na kuyaumiza macho ya wenzake anayemulika.

Mambo hubadilika maji yakichafuka. Msimu wa mvua, mto Sabaki humwaga matope baharini karibu na Malindi. Chembe za matope huurudisha mwanga machoni mwa anayemulika, sawa na taa za gari katika ukungu wa Limuru. Taa pana yenye nguvu hujenga ukuta mweupe mbele yake. Mwale mwembamba, wa digrii 10 au pungufu, hupenya vyema zaidi.

Hata hivyo, kuna maji ambayo hakuna taa iwezayo kuyashinda. Wakenya walilishuhudia hilo Septemba 29, 2019, gari lililokuwa na mama na bintiye lilipotumbukia kutoka kwa feri katika kivuko cha Likoni. Liliopolewa Oktoba 11 kutoka kina cha takriban mita 58, baada ya wapiga mbizi kusumbuliwa na mikondo na maji yasiyoonyesha mbele. Asiye na mafunzo ya kazi kama hiyo asidhani kwamba taa ya bei ghali itamwezesha kuifanya.

Ndani ya meli zilizozama pia ni giza hata mchana. Mfano ni MV Dania, iliyozamishwa kwa makusudi kaskazini mwa Mombasa mwaka 2002 ili iwe makazi ya samaki. Huko pia mwale mwembamba hufaa, kwa kuwa mpiga mbizi akitimua vumbi lililotuama, maji huchafuka mara moja.

Wapiga picha nao huhitaji mwanga tofauti: mpana, wa digrii 100 au zaidi, unaoenea sawasawa. Taa hiyo ni nzuri kwa kamera, lakini haifai kutafutia njia.

Betri na hatari zake

Muda wa betri usiachiwe matangazo. Taa nyingi hupunguza mwanga kadiri chaji inavyopungua, na saa zinazotajwa huenda zikahesabu pia muda wa mwanga hafifu. Anayepiga mbizi kwa saa moja achague taa inayodumu angaa saa moja na nusu kwa mwanga wake kamili.

Taa nyingi za siku hizi hutumia betri za lithiamu za aina ya 18650. Zile zilizo madhubuti huwa na takriban miliampa-saa 2,500 hadi 3,600. Inayouzwa kwa bei ya kutupa huku ikidai 9,900 ni ya ulaghai, na yaweza kuzimika katikati ya safari.

Isitoshe, betri hizi zisiachwe zikichajiwa bila mtu wa kuzitazama. Septemba 2, 2019, watu 34 walifariki moto ulipoiteketeza boti ya wapiga mbizi, Conception, katika pwani ya California, Marekani. Wachunguzi hawakuweza kuthibitisha chanzo, lakini uchajiaji wa betri ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyochunguzwa. Kwa wanaosafiri kwa ndege, betri za akiba hubebwa kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye mizigo.

Mpira, swichi na taa ya pili

Tochi inayostahimili mvua si taa ya kupigia mbizi. Taa halisi hutajwa kina chake kwa mita. Kwa kuwa kikomo cha kupiga mbizi kwa burudani ni mita 40, ile ya mita 100 humpa mtu nafasi ya kutosha.

Kinachozuia maji ni pete nyembamba ya mpira. Chembe moja ya mchanga au unywele yatosha kuyaingiza. Pete hiyo ikaguliwe, ifutwe na kupakwa grisi ya silikoni kidogo, na taa isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi kila baada ya safari. Swichi nayo ijaribiwe mkono ukiwa na glavu, na isiwe nyepesi kiasi cha kujiwasha mkobani.

Zaidi ya yote, anayepiga mbizi usiku abebe taa mbili. Ya pili yaweza kuwa ndogo, na ni heri itumie betri za kawaida zipatikanazo madukani. Mwanga ni lugha pia: duara linalochorwa polepole humaanisha mambo ni shwari, na mwale unaopungwa kwa kasi huku na huku huomba msaada.

Taa kuu ikizimika, ile ya akiba huwashwa kwa ajili ya kurudi juu pamoja na mwenzake, wala si kuendeleza matembezi.