Mhandisi Anaanzia Wapi? Jeddah, Riyadh na Sisi

Wiki chache kabla ya mahafali, mwenzetu mmoja anayesoma uhandisi ujenzi alikuja kwenye kikao cha chama na karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa barua ya wakala iliyomwahidi kazi ya uhandisi jijini Riyadh. Ya pili ilikuwa mkataba wenyewe, kwa Kiarabu, na alitaka tumsaidie kuusoma. Sisi si wataalamu wa Kiarabu. Hata hivyo, miaka mitatu ya kusoma asili ya maneno ilitutosha kuona kwamba neno muhandis, ambalo sisi tumelifanya mhandisi, halikuwamo. Palipotakiwa aina ya kazi paliandikwa amil, wa ukoo mmoja na neno letu amali. Maana yake ni kibarua.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: huko Saudi Arabia, watu walianzaje kazi ya kujenga, na shahada iliingia lini?

Jeddah ya zamani ilijengwa bila shahada. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, kama za Lamu na Unguja, zenye mihimili ya mbao iliyolazwa ndani ya kuta ili kugawa uzito. Nyumba ya Nasseef, iliyoanza kujengwa mwaka 1872, bado imesimama. UNESCO iliuingiza mji huo katika Urithi wa Dunia mwaka 2014, baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar (2000) na Lamu (2001). Kiswahili kina neno lake la fani hiyo, uashi, kutoka kitenzi kuaka, na mwashi mkuu ndiye aliyekuwa msanifu, mhandisi na mkadiriaji kwa pamoja. Hata tajiri mkubwa wa ujenzi wa karne ya 20 aliingia kwa mlango huo. Mohammed bin Laden alifika Jeddah kutoka Hadhramaut akiwa kijana maskini (Pwani yetu ingemwita Mshihiri), akafanya vibarua, kisha akaanzisha kampuni yake mwaka 1931. Shule hakuisoma.

Mambo yaligeuka haraka. Ukuta wa Jeddah ulibomolewa mwaka 1947, na kuanzia 1953 wizara zilihamishiwa Riyadh, ambako mtaa mzima wa Malaz ulijengwa kwa ajili ya watumishi wake. Chuo kikuu cha Riyadh kilifunguliwa mwaka 1957 na kitivo chake cha uhandisi mwaka 1962. Wahitimu wa kwanza walikuwa wachache mno kwa kazi iliyokuwapo. Ndiyo maana ramani ya kukuza Riyadh alikabidhiwa Mgiriki, Constantinos Doxiadis, mwaka 1968. Mwaka 1972 Mohamed Said Farsi, Msaudi aliyesomea usanifu majengo Alexandria, akawa meya wa Jeddah. Miaka hiyohiyo kwetu Dar es Salaam kulianzishwa Chuo cha Ardhi. Wahitimu wetu nao walikuwa wa kuhesabika, na kazi ilikuwa ikiwasubiri nyumbani.

Kisha bei ya mafuta ikapanda mara nne kati ya mwisho wa 1973 na mwanzo wa 1974, na Saudia ikahitaji wajenzi kutoka kila upande: Misri, Pakistani, Korea Kusini. Uwanja mpya wa ndege wa Jeddah ulifunguliwa mwaka 1981 na wa Riyadh mwaka 1983. Jengo la mahujaji la Jeddah, lenye paa la mahema 210, lina jina moja tusilopenda kulipita. Fazlur Rahman Khan alihitimu uhandisi Dhaka mwaka 1951, akaanza kama mhandisi msaidizi wa barabara na mhadhiri nyumbani kwao kabla ya kwenda Marekani kusoma zaidi. (Tukubali kwamba nyumbani hakukaa muda mrefu.) Alishiriki kubuni jengo hilo, na alifariki dunia Jeddah mwaka 1982.

Mlango wa miaka ile uliwapokea hata vijana wanaoanza, kwa sababu wenyeji wenye shahada hawakutosha. Leo wapo. Riyadh ina watu takriban milioni 7, na tangu Dira ya 2030 kutangazwa mwaka 2016 majengo yanaota kila upande, lakini nafasi za kuanzia anawekewa kijana wa Kisaudi. Mwaka 2018 ilitangazwa kwamba mhandisi mgeni asiye na uzoefu wa miaka 5 haajiriwi kutoka nje. Kuanzia 2021, kampuni yenye wahandisi 5 au zaidi ilitakiwa asilimia 20 yao wawe Wasaudi, na kiwango kimepandishwa tangu hapo. Wenzetu wa uthamini nao wajue kuwa huko kuna mamlaka ya wathamini tangu 2012, kama sisi tulivyo na sheria yetu ya mwaka 2016.

Kwa maoni yetu hakuna ubaya katika hilo. Nchi yoyote ingependa watoto wake waanzie kwao. Ubaya ni wa wakala anayejua sharti la miaka 5, akalizunguka kwa kumwandika mhitimu kibarua, kisha akamwambia kazi itabadilishwa akifika.

Mwenzetu hakutia saini. Sasa yuko Dodoma, katika mpango wa mafunzo ya kazi wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ulioanza mwaka 2003, akijaza kitabu chake cha kazi: leo nondo, kesho zege. Mpango ni wa miaka 3, hivyo akimaliza atabakiwa na 2 kulifikia sharti la Riyadh. Wakala alimpigia simu tena mwezi uliopita. Akamjibu amtumie kwanza mkataba wenye neno muhandis. Mpaka tunaandika makala haya, haujafika.