"Ext Bag", Debe na Lumbesa: Historia Iliyojificha Ndani ya Ripoti ya Bei za Soko

Leo tuiache kidogo misimbo na hifadhidata, ingawa mwishoni tutazirudia. Nataka tuzungumze kuhusu ripoti za bei za jumla za mboga na matunda. Mimi ni mzaliwa wa Bondeni hapa Nakuru, na kutoka Bondeni hadi soko la Wakulima ni mwendo wa miguu. Viazi, kabichi na karoti za Molo, Kuresoi na Mau Narok nimeziona zikishushwa kutoka kwenye malori tangu nikiwa mtoto. Lakini lugha ya ripoti nilianza kuisoma kwa makini nilipoombwa na shangazi yangu, mkulima wa viazi, nimtengenezee kitu kwenye simu cha kumwambia bei ya leo.

Nilifikiri ni kazi ya wikendi moja. Unachukua jedwali, unasoma safu ya Nakuru, unatuma ujumbe. Tatizo ni kwamba jibu "gunia ni shilingi 3,300" halisemi lolote mpaka ujue gunia lipi. Na ukitaka kujua gunia lipi, huna budi kuingia kwenye historia.

Tuanze na jedwali lenyewe. Kwa miaka mingi Wizara ya Kilimo ya Kenya ilikuwa ikitoa orodha ya kila siku ya bei za jumla, ambayo baadaye iliwekwa pia kwenye tovuti. Safu ya kwanza ni bidhaa, ya pili ni kifungashio, ya tatu ni uzito wa kifungashio hicho kwa kilo, kisha zinafuata bei za miji: Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru na mingineyo. Ukiisoma safu ya pili na ya tatu kwa pamoja unakutana na mambo haya. Mahindi: "Bag", 90. Viazi: "Bag", 110. Kabichi: "Ext Bag", 126. Karoti: "Ext Bag", 138. Nyanya: "Lg Box", 64. Vitunguu vikavu: "Net", 13. Ndizi za kupika: "Med Bunch", 22. Sukuma wiki: "Bag", 50.

Kwa mtu aliyesomea kompyuta, jedwali hili linaumiza kichwa. Neno moja, "Bag", lina uzito wa 50, wa 90 na wa 110. Mwalimu wangu wa hifadhidata angelirudisha! Lakini ukilitazama vizuri utaona halikuandikwa kwa uzembe. Kila namba ina babu yake.

Chukua 90 ya mahindi. Kwa nini isiwe 100? Kwa sababu gunia la mahindi enzi za ukoloni lilikuwa la ratili 200 za Kiingereza, ambazo ni kilo 90.7. Biashara ya mahindi ya walowezi iliendeshwa kwa gunia hilo, na kitovu chake kilikuwa hapa hapa Nakuru, makao makuu ya Kenya Farmers' Association iliyoanzishwa mwaka 1923. Serikali ilipoanza kudhibiti biashara ya mahindi mwaka 1942, wakati wa vita, gunia likawa ndilo kipimo cha serikali pia. Baada ya uhuru nchi ikahamia kwenye kilo, lakini gunia halikubadilika, lilipewa tu jina jipya la kilo 90. Kwa hiyo kila mkulima wa leo anayesema "nimevuna magunia ishirini kwa ekari" bado anahesabu kwa ratili bila kujua.

Neno lenyewe gunia limesafiri kutoka Bara Hindi, pamoja na magunia ya juti yenyewe. Debe nalo lina asili huko huko. Debe la kwanza lilikuwa la mafuta ya taa: mkebe wa bati wa galoni nne za Kiingereza, yaani lita 18 hivi. Mafuta yakiisha mkebe haukutupwa, ulichotewa maji na kupimiwa nafaka. Hakuna aliyeketi ofisini akaamua debe liwe kipimo. Lilikuwepo kila mahali, na yote yalitoka kiwandani yakiwa na ukubwa mmoja, basi. Kisa ni kile kile cha gorogoro, kopo la kilo mbili la mafuta ya kupikia ambalo linapimia mahindi na maharagwe katika masoko yetu hadi leo. Mpango wa kufanya kopo kuwa kipimo cha taifa ulipitishwa na akina mama sokoni!

Kabla ya hapo pwani ilikuwa na mfumo wake kamili. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, pishi moja ikiwa vibaba vinne, na mzigo mkubwa uliitwa jizla, pishi sitini. Karafuu na pembe za ndovu za Zanzibar zilipimwa kwa frasila, takribani ratili 35. Methali ya haba na haba hujaza kibaba imebaki midomoni hata mwa watu ambao hawajawahi kukiona kibaba.

Angalia tofauti iliyopo hapo. Kibaba, pishi, debe na gorogoro ni vyombo vyenye ukuta. Ukijaza unajua umejaza, na ugomvi unaobaki ni kama kilele kikatwe au kiachwe. Gunia ni kitambaa. Kitambaa kinavutika, na kikiisha kinaongezwa. Hapo ndipo tunapofika kwenye lile neno la ajabu, "Ext Bag".

"Ext Bag" ni lumbesa. Wengi mmeiona: gunia limejaa, halafu kwa juu inashonewa neti au kipande cha gunia jingine, viazi au kabichi zinapandishwa kama kilemba, kisha kamba zinakazwa. Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Jibu si tamaa peke yake. Fikiria gharama zote kati ya shamba na soko. Mwenye lori anatoza kwa gunia. Wapakiaji wanalipwa kwa gunia. Ushuru wa mazao, ambao Wakenya wote tunauita sesi, unatozwa kwa gunia. Na mkulima mwenyewe analipwa kwa gunia. Mfumo mzima ukihesabu magunia badala ya kilo, dalali anayeongeza kilo bila kuongeza idadi ya magunia anapata faida kwa kila mtu anayekutana naye njiani. Anayebeba hasara kubwa ni wa kwanza kwenye mnyororo, yaani mkulima. Wa pili ni yule kijana wa mgongo. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mwanamume mzima asibebeshwe zaidi ya kilo 55. Hebu linganisha na ile karoti ya 138.

Serikali haikulala kabisa. Mwaka 2005 ilitangazwa kwamba gunia la viazi lisizidi kilo 110, ndiyo ile 110 unayoiona kwenye jedwali. Ikaja Sheria ya Mazao ya 2013, halafu kanuni za viazi za mwaka 2019 zikashusha kikomo hadi kilo 50. Majirani zetu Tanzania wanapambana na kitu hicho hicho kwa jina hilo hilo. Huko Wakala wa Vipimo umekuwa ukiwakamata wafanyabiashara wa lumbesa, na kikomo chao ni kilo 100. Kwetu msako unapamba moto msimu mmoja na kupoa msimu unaofuata, na lumbesa inarudi barabarani usiku.

Sasa turudi kwenye jedwali kwa macho ya mtu wa programu. Bei hubadilika kila siku. Lakini ile safu ya kilo haibadiliki: kabichi ni 126 Jumatatu, ni 126 mwezi ujao. Yaani si kipimo cha gunia lililokuja sokoni asubuhi hiyo, ni namba isiyobadilika ambayo mtu aliiweka wakati fulani kwa kupima magunia ya wakati huo. Nawapa heko maafisa walioandika "Ext Bag" waziwazi, kwa sababu waliandika kilichokuwepo sokoni badala ya kilichotakiwa kuwepo. Lakini namba iliyogandishwa ni hatari pale kitu chenyewe kinapoendelea kukua.

Tufanye hesabu ya mfano. Ripoti inasema viazi ni shilingi 3,300 kwa gunia la kilo 110. Hiyo ni shilingi 30 kwa kilo. Shangazi anaambiwa na dalali, "Mama, bei ya leo ni hiyo hiyo ya serikali, 3,300." Dalali hajadanganya! Isipokuwa gunia alilokuja nalo linameza kilo 165. Bei halisi ni shilingi 20 kwa kilo. Kwa lumbesa kumi ametoa kilo 1,650, ambazo ni magunia 15 ya ripoti, na amelipwa kumi. Shilingi 16,500 zimepotea, na ripoti sahihi ndiyo iliyotumika kuzipoteza. Kwa mkulima mdogo hiyo ni karo ya mtoto au mbegu ya msimu unaofuata.

Hii ndiyo sababu nasema msamiati wa ripoti si jambo dogo. Wenzetu waliotutangulia kwenye teknolojia walijaribu kumfikishia mkulima bei. Kenya Agricultural Commodity Exchange ilianzishwa mwaka 1997 na baadaye, kwa kushirikiana na Safaricom, ikawa inatuma bei kwa ujumbe mfupi wa simu. Mwaka 2010 Jamila Abass na wenzake walianzisha M-Farm baada ya kushinda shindano la IPO48 jijini Nairobi. Kazi nzuri sana, na waliondoa giza la kutojua bei. Lakini bei ni namba mbili, shilingi juu na uzito chini. Ujumbe wa simu unabeba ya juu kwa urahisi. Ile ya chini inabaki shambani, mikononi mwa anayeshona gunia.

Wamarekani walianza mapema zaidi. Wizara yao ya kilimo ilitoa ripoti yake ya kwanza ya soko mwaka 1915, kuhusu stroberi za Hammond, Louisiana. Na hata wao, pamoja na mitambo yao yote, vipimo viliwahi kuwaumbua. Septemba 1999 chombo cha NASA cha Mars Climate Orbiter kilipotea kwenye sayari ya Mirihi kwa sababu programu ya upande mmoja ilihesabu nguvu kwa ratili na ya upande wa pili ilitarajia nyutoni. Chombo kilikuwa na namba sahihi, kilichokosekana ni jina la kipimo. Shangazi yangu angewaelewa mara moja.

Siku hizi wizara ina mfumo wa KAMIS kwenye intaneti. Una safu za aina, daraja, soko, bei ya jumla, bei ya rejareja, kiasi kilichofika sokoni, kaunti na tarehe. (Kuna hata safu ya jinsia! Usicheke, ni ya mifugo.) Bei za bidhaa nyingi zinaonyeshwa kwa kilo, na hayo ni maendeleo makubwa. Mambo mawili ya kukumbuka unapousoma. Kwanza, kistari kwenye kisanduku hakimaanishi sifuri wala hakimaanishi bidhaa haikuwepo. Kinamaanisha hakuna bei iliyorekodiwa. Watengenezaji wenzangu, msikigeuze kuwa 0, mtaharibu wastani wote. Pili, neno gunia limeondoka kwenye skrini lakini halijaondoka shambani. Mahali fulani kati ya lori na jedwali kuna mtu anayegeuza gunia kuwa kilo, na asipokuwa na mizani, anatumia namba ya zamani.

Kwa hiyo programu ya shangazi nimeitengeneza hivi. Haionyeshi bei ya gunia popote. Inaonyesha bei ya kilo tu, halafu inauliza swali moja: mzigo umepimwa kilo ngapi? Bila jibu hilo haitoi jumla. Kikundi chao kilichanga wakanunua mizani ya kuning'iniza, ikafungwa kwenye mti karibu na barabara. Dalali wa kwanza aliiona akageuza lori. Wa pili alinung'unika, akapima, akalipa.

Programu ina mistari michache tu ya msimbo. Mizani ndiyo iliyofanya kazi. Ukitaka kuwajengea wakulima chochote, anza kwa kuuliza neno gunia lina maana gani kwa aliye mbele yako, kisha ndipo ufungue kompyuta.