Kumwachisha Mgonjwa Mashine ya Kupumulia: Je, Ni Kumkatia Uhai?

SWALI: Mjomba wetu wa Chemchem, Tabora, yuko chumba cha wagonjwa mahututi. Ametobolewa shingoni na anapumua kwa mashine. Daktari amesema wataanza kumwachisha mashine. Sisi huku Unguja tumegawanyika. Wengine wanasema kukubali ni kumuua. Nini hukumu yake?

JAWABU: Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Tabora na visiwa vyetu vimeunganishwa kwa damu tangu enzi za misafara, na habari ya mgonjwa hufika kwa simu, pengine nusu yake tu. Basi tutenganishe mambo mawili.

La kwanza ni kuachishwa, nayo ni tiba. Mgonjwa aliyekaa sana na mashine misuli yake ya kupumua hudhoofika. Maradhi yakipungua na hewa ya oksijeni anayohitaji ikiwa kidogo, huondolewa mashine kwa muda, akapewa oksijeni kupitia tundu la shingoni huku akiangaliwa. Akitweta au kuchoka, hurudishwa apumzike, na kesho hujaribiwa tena. Kurudishwa huko si dalili ya kukata tamaa. Ni mfano wa kumwachisha mtoto ziwa: kidogo kidogo, na kwa mashauriano. Kazi hii huweza kuchukua siku au wiki. Akimudu, mpira wa shingoni nao hutolewa baadaye, na tundu kwa kawaida hujifunga lenyewe. Kukubali haya inajuzu, bali ni katika kujitibu tulikoamrishwa.

La pili ni kuondoa mashine kwa mtu asiyetarajiwa kurudi. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika azimio namba 17 lililopitishwa Amman, Yordani, Oktoba 1986, imeruhusu hilo pale kazi zote za ubongo zinaposimama kabisa, madaktari bingwa wakaamua kuwa hazirudi, na ubongo ukaanza kuharibika. Mjomba wenu, kwa mlivyoeleza, hayumo humo.

Basi muulizeni daktari waziwazi: “Mnamwachisha ili apumue mwenyewe, au mmeona hapana tena tiba?” Akijibu la kwanza, kubalini na mumuombee dua. Akijibu la pili, msikate shauri kwenye simu. Aliye karibu naye akae na madaktari waaminifu na mwanachuoni.

Tanbihi: mwenye mpira shingoni mara nyingi hawezi kutoa sauti, lakini huenda anasikia. Msizungumzie mirathi kitandani pake. Akiwa na fahamu, ataswali kwa ishara kadiri awezavyo. Maji yasiingie tunduni, na akichelea madhara, atayamamu.

Wallahu a'lam.