Mtoto wako akikamatwa Rubavu: umri wake na siku tano za kwanza

Ukipata habari kwamba mtoto wako amekamatwa Gisenyi, usianze kwa kutafuta pesa. Tafuta kwanza karatasi yoyote inayoonyesha alizaliwa lini, kisha nenda kituoni wewe mwenyewe. Umri unaothibitika na mtu mzima aliye tayari kumpokea: mara nyingi hayo mawili ndiyo yanayomtenga mtoto anayerudi nyumbani na yule anayepelekwa Nyagatare.

Nyagatare ndiko liliko gereza la watoto la Rwanda, kaskazini-mashariki, upande wa Uganda. Kutoka Gisenyi ni karibu kilomita 300 kwa barabara. Watoto walioko huko wanasoma na kufanya mitihani ya taifa, na Desemba 2016 Rais Paul Kagame aliwapa msamaha watoto 62. Ni jambo jema. Lakini kwa mama anayeuza nyanya karibu na Petite Barrière, au anayeishi kwa posho ya kambini Kiziba, nauli ya kwenda kumwona mwanawe mara moja tu inaweza kumaliza pesa ya mwezi.

Umri unaamua nini

Sheria ya mwaka 2018 ya makosa na adhabu inasema mtoto ambaye hakuwa ametimiza miaka 14 siku ya tukio hashtakiwi kwa jinai. Mwenye mali anaweza kuidai familia fidia, ila mtoto mwenyewe hapelekwi mahakamani wala gerezani.

Akiwa na miaka 14 na hajafikisha 18, anaweza kushtakiwa, lakini adhabu yake hupunguzwa. Kosa ambalo mtu mzima angefungwa maisha, yeye hupewa kati ya miaka 10 na 15. Kwa makosa mengine, adhabu yake haiwezi kuzidi nusu ya ile ya mtu mzima. Kesi yake husikilizwa na chumba maalumu cha watoto katika Urukiko Rwisumbuye. Aliyetimiza 18 ni mtu mzima mbele ya sheria, na hapa Rubavu gereza la watu wazima ni Nyakiriba.

Hapo ndipo watoto wengi wanapojiponza. Mvulana wa miaka 16 anayebeba mizigo mpakani, au anayepita njia za panya na abacoracora, huwa amezoea kusema ana miaka 18 ili apewe kazi. Akikamatwa anarudia jibu lilelile, nalo linaandikwa. Mwambie mwanao leo, kabla hakijatokea chochote: mbele ya mpelelezi ataje umri wake wa kweli.

Kwa familia za wakimbizi kuna tatizo jingine. Mtu aliyekimbia Masisi au Rutshuru usiku hakubeba cheti cha kuzaliwa, na tarehe iliyoandikwa wakati wa kuandikishwa inaweza kuwa ya kukadiria. Kama kwenye hati yenu ya ukimbizi tarehe si sahihi, ombeni isahihishwe sasa. Ikirekebishwa baada ya mtoto kukamatwa, wengi watadhani ni ujanja. Kadi ya chanjo, ripoti ya shule na cheti cha ubatizo pia vinasaidia.

Siku tano, kisha tano nyingine

Idara ya upelelezi, RIB, inaweza kumshikilia mtuhumiwa kwa siku zisizozidi 5. Faili likifika kwa mwendesha mashtaka, naye ana siku 5 za kuamua: amwachilie au aombe mahakama imweke mahabusu. Muda huo ni mfupi, na huisha haraka kuliko unavyofikiri.

Mtoto anapaswa kuwa na wakili tangu anapohojiwa. Kama huna uwezo wa kulipa, nenda MAJ, ofisi ya msaada wa sheria iliyopo katika kila wilaya, Rubavu ikiwemo. Msaada wake ni bure. Kama mtoto hajui Kinyarwanda vizuri, omba mkalimani. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, kwa hiyo usione haya kuomba. Asitie sahihi maelezo ambayo hakuyaelewa.

Njia zisizoishia gerezani

Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, magereza ya nchi hii yalijaa, na ndani yake walikuwamo maelfu ya watoto. Januari 2003 tangazo la Rais lilifungua mlango wa kuachiliwa kwa wale waliokuwa watoto wakati wa makosa. Mwaka 2014 ikatoka sera ya haki kwa watoto, na mwaka 2022 sera mpya ya haki ya jinai, zote zikisukuma kesi ndogo zimalizwe kwa njia nyingine, kifungo kiwe cha mwisho. Sera ipo. Ila haijitekelezi yenyewe, lazima mtu aombe.

Kwenye mudugudu, waombe inshuti z'umuryango. Ni watu wawili, mwanamke na mwanamume, waliochaguliwa kufuatilia masuala ya watoto na familia. Ugomvi wa watoto au simu iliyochukuliwa na kurudishwa unaweza kuishia kwao, mwenye mali akikubali.

Faili likiwa tayari kwa mwendesha mashtaka, bado mlango haujafungwa. Yeye halazimiki kupeleka kila kesi mahakamani, na anaweza kumwachilia mtoto kwa masharti, kama kuripoti siku fulani. Usiende kwake na machozi peke yake. Nenda na maandishi ya mwenye mali kwamba amelipwa au amesamehe, barua ya shule kwamba nafasi ya mtoto ipo, na jina la mtu mzima atakayemsimamia. Kambini, kamati ya wakimbizi na shirika linaloshughulikia ulinzi wa watoto wanaweza kukusaidia kuandaa hayo. Hakuna anayeweza kukuahidi jibu, lakini faili lenye karatasi hizo si sawa na faili tupu.

Hata mbele ya hakimu, kifungo kisichozidi miaka 5 kinaweza kusimamishwa, na sheria inaruhusu adhabu ya kazi za manufaa ya umma. Wakili aombe hivyo waziwazi.

Kuna kosa moja la kutosuluhisha nyumbani: kumbaka au kumnajisi mtoto. Familia mbili zikipatana kwa ng'ombe au pesa, aliyeumizwa anaachwa bila tiba wala haki. Mpeleke Isange One Stop Centre, katika Hospitali ya Gisenyi.

Kituo si mahakama

Watoto wa mitaani wa Gisenyi mara nyingi hawashtakiwi kwa kosa lolote. Jina la abuzukuru ba Shitani, yaani wajukuu wa Shetani, lilitokana na makundi ya vijana wezi, lakini siku hizi linabandikwa hata kwa mtoto anayeomba chakula tu. Huyo anaweza kuishia kituo cha mpito, ambako sheria inaruhusu mtu kukaa hadi miezi 2 bila kufikishwa kwa hakimu. Human Rights Watch liliandika mwaka 2016 juu ya watu walioshikiliwa Mudende, hapa Rubavu, na Januari 2020 juu ya watoto waliopigwa Gikondo, Kigali. Mwaka huohuo Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto iliitaka Rwanda iache kuwaweka watoto katika vituo hivyo. Mwanao asipoonekana na hayupo kituo cha RIB, ulizia kwenye ofisi ya sekta kama kumekuwa na msako.

Kwa aliye mkimbizi

Wizi mdogo wa mtoto hauiondolei familia hadhi ya ukimbizi. Usiache kwenda kituoni kwa hofu ya kurudishwa Kongo. Nenda na hati zenu, na ujulishe ofisi ya MINEMA au UNHCR iliyo karibu.

Kwa tatizo la mtoto piga 116, kwa RIB piga 166, kwa polisi 112. Zote ni bure. Huduma ya RIB hailipiwi. Mtu akikuambia ulete pesa ndipo mtoto atoke, hata kama ni jirani anayedai anamjua mpelelezi, usimpe. Namba ya kumripoti ni hiyohiyo 166.