Gari Linapolia: Datsun 240Z na Historia ya Kelele

Mwaka 1907 kampuni ya Rolls-Royce ya Uingereza ililipa gari lake moja jina la Silver Ghost, yaani mzuka wa rangi ya fedha. Mzuka haupigi hodi, na hicho ndicho walichotaka kuuza. Enzi zile gari lilisikika kabla halijaonekana, kwa hiyo lililopita kimyakimya lilikuwa ajabu. Mwaka 1958 David Ogilvy aliandika tangazo la kampuni hiyohiyo likidai kwamba kwenye mwendo wa maili 60 kwa saa, kelele kubwa kuliko zote ndani ya gari ni ya saa ya umeme. Mwaka 1989 wakaja Lexus na tangazo la glasi za shampeni zilizopangwa juu ya boneti, injini inazunguka, magurudumu yanazunguka, na glasi hazitikisiki.

Ndivyo tulivyozoeshwa kuamini kwamba gari zuri ni lile lililonyamaza. Basi mtu akipata gari la michezo la miaka hamsini iliyopita, kinachomkera kwanza ni milio: kwi-kwi huku, ka-ka-ka kule. Anataka yote ife wikendi moja. Lakini milio hiyo haina chanzo kimoja wala uzito mmoja, na gari la zamani likinyamazishwa ovyo linaweza kuwa la hatari kuliko lilipokuwa linapiga kelele. Mfano mzuri ni Datsun 240Z, gari ambalo Afrika Mashariki inalijua vizuri.

Nissan walilizindua Japani mwaka 1969 kwa jina la Fairlady Z. Yutaka Katayama, aliyekuwa kiongozi wa Nissan Marekani, hakulitaka jina hilo, akahakikisha kule linauzwa kama 240Z. Lilikuwa na injini ya silinda sita, lita 2.4, na bei iliyowatia tumbo joto wenye magari ya michezo ya Ulaya. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda nalo mbio za East African Safari, zilizopita Kenya, Uganda na Tanzania. Nafasi ya pili ilikwenda kwa 240Z jingine, la Shekhar Mehta na Mike Doughty. Mwaka 1973 Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda mwenyewe kwa 240Z baada ya kufungana pointi na Harry Källström, naye akiwa kwenye Datsun.

Sasa fikiria gari lile kwenye makorongo ya Safari. Dereva hana muda wa kuhangaikia dashibodi inayolia. Mlio unaomhusu ni ule ambao asubuhi haukuwepo. Kugonga kupya chini ya gari kunaweza kuwa boliti iliyolegea, na boliti iliyolegea ni magurudumu kwenda njia moja na gari njia nyingine.

Zamani madereva wengi walikuwa na sikio la namna hiyo, hata wasio wa mashindano. Karin Bijsterveld na wenzake, kwenye kitabu chao Sound and Safe cha 2014, wanaonyesha jinsi wenye magari wa mwanzo walivyotarajiwa kulisikiliza gari na kujua linaumwa wapi. Taratibu kazi hiyo ikahamia kwa fundi, na dereva akabaki abiria wa mbele anayeshika usukani. Viwanda navyo vilikuwa vinaziba. Mwaka 1931 Plymouth ya Marekani ilianza kuuza magari ambayo injini zake zilikalia mipira ili mtikisiko usifike kwenye bodi. Mpira ukawa askari wa kimya. Kasoro yake ni kwamba mpira unazeeka kuliko chuma: unakauka, unapasuka, unaacha nafasi. Ndani ya nafasi hiyo ndimo kelele zinamoishi.

Kelele zenyewe ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kusuguana. Vitu viwili vimegusana, vinang'ang'aniana, vinateleza, vinang'ang'aniana tena, mara nyingi kwa sekunde moja. Ndivyo zeze linavyolia, na ndivyo mlango mkavu unavyolia. Ya pili ni ya kugongana: kuna nafasi, kitu kinatikisika ndani yake, kinapiga huku na huku. Debe tupu haliachi kutika, na gari ni debe lenye magurudumu. Tofauti hii ndiyo inayoamua dawa. Kinachosuguana utakitenganisha kwa utepe wa kitambaa au utakilainisha. Kinachogongana utakikaza au utaijaza nafasi. Anayepaka grisi kwenye kitu kilicholegea anaahirisha tatizo tu.

Na grisi yenyewe ina masharti. Ile ya kawaida inayotokana na mafuta ya petroli huvimbisha na kulainisha mpira wa asili. Kwenye raba za milango inatakiwa ya silikoni. Kuna pia wanaotoa bushi zote za mpira na kuweka za poliyurethani, ambazo ni ngumu na hazichakai upesi. Gari linashika barabara vizuri zaidi, kweli, lakini bushi hizo zikifungwa kavu zinalia kama kitanda cha gesti. Umelipa pesa kuondoa mlio mmoja, umeleta mwingine.

Turudi kwenye 240Z, maana gari hili lina mafunzo matatu.

Funzo la kwanza liko sakafuni. Kiwandani, Nissan waliweka shuka za lami juu ya bati la sakafu ili lisivume. Wazo zuri: bati zito halitetemeki ovyo. Ila miaka inapokwenda, shuka zinapasuka, maji yanapenya chini yake na hayatoki. Ndiyo maana wanaofufua magari haya huweka barafu kavu juu ya lami mpaka igande, kisha wanaigonga kwa nyundo inavunjika vipandevipande. Chini yake mara nyingi wanakuta kutu. Kimya kilikuwa kinafuga ugonjwa. Anayebandika shuka mpya juu ya zile za zamani bila kufunua analala na nyoka kwenye godoro moja.

Funzo la pili liko nyuma. 240Z lina mlango mkubwa wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Raba zake zikichoka na kitasa kikilegea, mlango unagonga kwenye kila shimo. Wengi wanaona hiyo ni kero tu. Lakini pale inapopita sauti, hewa nayo inapita, na gari likiwa kwenye mwendo upepo unaozunguka nyuma huurudisha moshi wa ekzosi ndani. Magari haya yanajulikana kwa ugonjwa huo, na njia nyingine ya moshi ni raba za taa za nyuma. Kaboni monoksidi haina harufu wala rangi. Kwa hiyo mlango unaogonga unakwambia kitu kuhusu hewa unayovuta. Ukiubana kwa kipande cha sponji ili usigonge, huku raba zikiwa zimekufa, umeua kengele ukauacha moto.

Funzo la tatu liko chini, kwenye difu. Ukitoka gia moja kwenda nyingine, au ukikanyaga mafuta ghafla, 240Z lililochoka hupiga mlio mmoja mzito: dung! Hapo mshukiwa wa kwanza ni mpira unaoshikilia difu kwa mbele. Ukipasuka, difu inainuka na kushuka. Mlio huu hauzibwi kwa zulia nene wala kwa redio. Unaingia chini ya gari, lililokalishwa juu ya vigingi imara na si jeki peke yake, ukaangalie.

Kwa hiyo kazi ina mpangilio, na dashibodi inakuja mwisho. Kwanza toa kila kitu garini: spana, jeki, gurudumu la akiba, sarafu zilizodondoka chini ya viti. Kikulacho ki nguoni mwako. Kelele nyingi za kutisha huwa ni jeki isiyofungwa. Pili, kagua vinavyobeba uhai: bushi, shokapu, usukani, difu, ekzosi na vishikio vyake. Tatu, milango na raba zake. Ndipo uje kwenye plastiki na vioo. Mmoja aendeshe barabara mbovu polepole, mwingine asikilize akibonyeza kwa kiganja sehemu mojamoja. Mlio ukikatika, umeshampata mhalifu.

Yatabaki machache. Gari la 1970 halikuwahi kuwa kimya hata siku lilipotoka kiwandani. Mvumo wa silinda sita na mluzi wa upepo kwenye kona ya kioo ni sehemu ya kile mtu alichokinunua. Kuna kichekesho hapa: mwaka 2011 BMW walitoa M5 ambayo bodi yake imezibwa vizuri kiasi kwamba sauti ya injini ilibidi ipigwe kwenye spika ili dereva aisikie. Tumetumia miaka mia moja kuifukuza sauti, halafu tunairudisha kwa waya.

Mwenye 240Z haihitaji spika hiyo. Anahitaji subira ya kuijua milio ya gari lake mmojammoja, aue ile inayotokana na uchakavu, aizoee ile iliyozaliwa nalo, ili siku ukija mgeni ausikie.