Jibu na Baki Lake

Mtoto wa shule agawaye 17 kwa 5 huandika majibu mawili pasi na kuona ajabu: 3, na baki 2. Kompyuta ilinyimwa ruhusa hiyo kwa miaka mingi, si kwa udhaifu wa mashine yenyewe, bali kwa ada iliyorithiwa kwa maulamaa wa hesabu, ambao kwao fanksheni, kila ipewapo kitu, haina budi kurudisha kitu kimoja tu.

Ada hiyo iliingia katika FORTRAN, lugha iliyotolewa na IBM mwaka 1957 chini ya uongozi wa John Backus, na haikubanduka. Dennis Ritchie alipoiunda C huko Bell Labs, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliyetaka thamani ya pili ilimpasa kuikabidhi fanksheni anwani ya mahali katika kumbukumbu ya mashine, ili iende ikaiweke huko. Hila yenye manufaa, lakini hila. Shari yenyewe ilikuwa kwingine: jibu na habari ya kosa vililazimishwa kukalia kiti kimoja. Fanksheni iitwayo atoi, igeuzayo maandishi kuwa namba, ukiipa «0» hukuletea sifuri, na ukiipa «embe» hukuletea sifuri vile vile; na mwitaji asiyekuwa na shaka hupokea yote mawili kwa shukrani.

Walikuwapo waliokwisha kuona njia nyingine. Barbara Liskov na wenziwe wa MIT, katika lugha yao ya CLU ya miaka hiyo hiyo ya 1970, waliruhusu thamani nyingi zirudi pamoja. Na Common Lisp, iliyoelezwa katika kitabu cha Guy Steele cha mwaka 1984, iliipa fanksheni yake iitwayo floor uwezo wa kutoa matokeo ya mgawanyo pamoja na baki, ambapo asiyelihitaji baki hulipoteza bila hata kujua kwamba lilikuwapo. Adabu hiyo naipenda kuliko zote. Python, ya mwaka 1991, hufunga thamani zote katika furushi moja, na mbishi aweza kusema kwamba sheria ya kale haikuvunjwa hata chembe. Naye, waama, hakosi.

Go ilipotangazwa na Google mwaka 2009, mmoja wa waasisi wake alikuwa Ken Thompson, yule yule aliyeiunda B, lugha iliyoizaa C. Humo jibu hurudi na kosa ubavuni mwake, kila moja na mahali pake, ijapokuwa waandishi wa programu hunung'unika kwa kulikagua kosa hilo kila baada ya mistari michache. Rust, iliyofikia toleo lake la 1.0 mwaka 2015, imerejea kwenye kitu kimoja: ama jibu, ama kosa, kamwe si yote mawili, na kompaila haimwachii mwitaji kulishika jibu kabla hajaamua atafanyaje iwapo alichopewa ni kosa.